Roketi ya Chupa kwa Hewa ya Mukurweini

Usiku wa Januari usio na mawingu, ardhi ya Mukurweini, kaunti ya Nyeri, hupoteza joto haraka. Hewa inayogusa ardhi hiyo hupoa, huwa nzito, kisha huteremka polepole kutoka matutani hadi mabondeni na kutulia huko kabla jua halijachomoza. Mtu anayeishi juu ya tuta na kushuka mtoni alfajiri anaijua tofauti hiyo kwa ngozi yake. Asichokijua ni kina cha baridi yenyewe. Inaishia kwenye vilele vya mikahawa? Inafika mita 20 juu ya bonde, au 50? Swali hilo lina uzito kwa watu wanaoishi kwa kahawa, chai na maziwa, maana ndilo linaloamua shamba lipi liumie kwa baridi na lipi linusurike.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa klabu ya sayansi na wanafunzi wake. Unaeleza jinsi ya kuunda roketi ndogo inayosukumwa kwa maji na hewa iliyoshindiliwa, ikabeba barometa na kipima joto hadi mita 30 hivi, kisha ikashuka kwa parachuti huku ikirekodi. Haitumii moto wala baruti. Hata hivyo inapitia hatua zilezile ambazo roketi kubwa za utafiti wa angahewa hupitia, na ndiyo sababu inafaa kufundishia.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo, kwa sababu vijana wengi huanzia upande usiofaa. Roketi ya utafiti huanza na swali. Swali huchagua kifaa cha kupimia, kifaa huamua umbo na uzito wa roketi, na nguvu ya kuirusha huja mwisho. Anayeanza na nguvu hupata mshindo na picha ya simu, na jioni hana hata namba moja ya kuandika daftarini.

Waliotangulia, Ngomeni

Kazi hii si ngeni nchini Kenya. Mwezi Machi 1964, miezi michache tu baada ya uhuru, roketi za utafiti aina ya Nike-Apache zilirushwa kutoka jukwaa la Santa Rita, lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mradi ulikuwa wa Italia kwa ushirikiano na shirika la NASA la Marekani, na aliyeuongoza alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 iliondoka Ngomeni juu ya roketi ya Scout. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, iliondoka setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru. Setilaiti ya mwisho kurushwa Ngomeni iliondoka Machi 1988.

Kwa nini roketi? Baluni ya hali ya hewa hupanda hadi kilomita 30 au 35 kisha hupasuka. Setilaiti nayo haidumu chini ya kilomita 150 hivi, kwa kuwa hewa huipunguza mwendo hadi ianguke. Katikati ya viwango hivyo kuna tabaka nene la angahewa ambalo chombo pekee kinachoweza kuingia na kulipima pale pale ni roketi. Hupanda karibu wima, hukaa juu dakika chache, hurudi chini, na vipimo vyote huchukuliwa katika dakika hizo.

Broglio alitaka kujua msongamano wa hewa ya juu sana karibu na ikweta. Hewa huko ni haba mno kwa chombo cha kawaida kuihisi, hivyo akaifanya setilaiti yenyewe iwe mizani. Ganda jepesi la nje liliunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono inayonyumbuka. Hewa ilipolisukuma ganda, lilisogea kidogo sana kulinganisha na kiini, na msogeo huo ndio ukawa kipimo. Hapo utaona ninachomaanisha ninaposema swali kwanza: chombo kizima kilijengwa kuizunguka namba moja iliyotafutwa.

Eneo la Mlima Kenya nalo lina historia yake. Tangu 1999 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ina kituo cha kuchunguza hewa kwenye mteremko wa mlima, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya mtandao wa dunia unaofuatilia mabadiliko ya angahewa. Na huko Dagoretti, Nairobi, baluni zenye vifaa vya kupima ozoni zimekuwa zikirushwa kila wiki tangu miaka ya 1990. Ila kituo cha mlimani kiko juu sana, na baluni ya Dagoretti huzipita mita 50 za kwanza kwa sekunde kumi hivi, tena huzipita huko Dagoretti. Hewa ya bonde lako hakuna anayeipima.

Hatua ya 1: Andikeni swali kwa sentensi moja

Liandikeni ubaoni na lisifutwe hadi kazi iishe. Mimi napendekeza hili: alfajiri, hewa iliyo mita 30 juu ya bonde ina joto zaidi au pungufu kuliko hewa ya chini, na kwa nyuzi ngapi?

Kabla ya kuunda chochote, wanafunzi wakokotoe jibu wanalolitarajia. Hewa iliyochanganyika vizuri, kama ile ya mchana wenye upepo, hupoa kwa nyuzi 9.8 kila kilomita moja ya kupanda. Kwa mita 30 hiyo ni nyuzi 0.3 tu, tofauti ndogo mno kwa kifaa cha bei nafuu. Lakini alfajiri tulivu baada ya usiku wa nyota, mpangilio hugeuka: chini baridi, juu joto, na tofauti inaweza kufika nyuzi moja au zaidi ndani ya mita hizo hizo. Hiyo inapimika. Kwa hiyo mnajua mapema kwamba siku za kurusha ni alfajiri za Januari na Februari zenye anga safi. Julai, wingu zito likiwa limefunika matuta kutwa kucha, mrushe pia kwa kulinganisha, maana wingu huzuia ardhi isipoteze joto na tofauti yaweza kutoweka kabisa.

Hatua ya 2: Kifaa cha kupimia

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mwingi na pesa nyingi. Vifaa hivi hupatikana katika maduka ya elektroniki ya Nairobi, hasa Barabara ya Luthuli: bodi ndogo ya Arduino Nano, barometa ya BMP280, sehemu ya kuwekea kadi ya kumbukumbu, betri ndogo ya lithiamu, servo (mota ndogo) ya gramu 9, na themista. Themista ni punje ya kauri yenye nyaya mbili nyembamba, ambayo ukinzani wake wa umeme hubadilika joto linapobadilika. Chagueni punje ndogo kuliko zote dukani, ndogo kuliko punje ya wimbi mkiipata. Kubwa hukawia kuhisi, na roketi ikishuka kwa mita 4 kwa sekunde, kifaa kinachokawia sekunde moja huwa tayari kimechanganya hewa ya mita 4 kuwa moja.

Msitegemee kipima joto kilicho ndani ya barometa yenyewe. Kimefungwa ndani ya kisanduku na hupata joto la bodi. Themista itokeze nje ya ubavu wa roketi, sentimita 2 hivi, ikiwa imezungukwa na pete nyembamba ya plastiki ya kuikinga isivunjike kwenye nyasi. Roketi za hali ya hewa zilizokuwa zikipima joto hadi kilomita 60 zilitumia njia hiyo hiyo: punje ndogo ya themista ikining'inia chini ya parachuti.

Barometa nayo inawapa kimo. Katika mwinuko wa mita 1,600, kanieneo ya hewa ni karibu hektopaskali 835, na hupungua hektopaskali 1 kila mnapopanda mita 10 hivi. BMP280 hutambua mabadiliko ya sehemu ya kumi ya hektopaskali, yaani mita 1. Ila kuna mtego hapa. Mkitoboa tundu la barometa mbele ya pua ya roketi, upepo wa mwendo utaingia kwa nguvu na kukipotosha kipimo. Kwa mwendo wa mita 25 kwa sekunde, kosa hilo ni hektopaskali 3, sawa na mita 30, yaani safari nzima. Toboeni matundu manne madogo, ya milimita 2, yaliyopangwa sawasawa kuzunguka ubavu.

Programu iwe fupi. Isome joto na kanieneo mara 20 kwa sekunde na kuandika kwenye kadi pamoja na muda. Kabla ya kurusha, ichukue wastani wa kanieneo ya chini kwa sekunde 10, kisha kimo chote kihesabiwe kuanzia hapo. Kanieneo ya hewa hubadilika saa hadi saa, na bila hatua hiyo kimo cha asubuhi na cha adhuhuri havitalingana.

Kisha sahihisheni vifaa. Themista itumbukizwe, ikiwa ndani ya mfuko mwembamba, kwenye maji yenye barafu iliyopondwa, nyuzi 0. Halafu kwenye maji ya vuguvugu pamoja na kipima joto cha maabara, mkisoma kila nyuzi 5 hadi 25. Msitumie maji yanayochemka kama nyuzi 100, kwa sababu katika mwinuko huu maji huchemka karibu na nyuzi 95. Barometa ni rahisi zaidi, na hapa matuta ya Mukurweini yanasaidia kweli: ibebeni kwa miguu kutoka mtoni hadi juu ya tuta, mlinganishe na mistari ya mwinuko kwenye ramani ya Idara ya Upimaji ya Kenya.

Hatua ya 3: Mwili wa roketi

Chukueni chupa ya soda ya lita 2. Iwe ya soda kweli, maana hiyo hutengenezwa kuhimili kanieneo ya gesi. Chupa za maji ya kunywa ni nyembamba na hazifai hata kidogo. Chupa yenye mkunjo, mkwaruzo mrefu au iliyowahi kumwagiwa maji moto itupwe. Msiichome wala kuipasha joto ili kubandika kitu.

Mapezi matatu au manne yakatwe kutoka kwenye plastiki bapa au katoni ngumu iliyopakwa rangi isilowe. Yabandikwe karibu na mdomo wa chupa, ambao ndio sehemu ya chini roketi ikisimama. Chumba cha vifaa kikatwe kutoka chupa nyingine na kuvalishwa juu kwa utepe wa gundi. Pua iwe laini: nusu ya mpira mwepesi au sponji. Chuma, kioo na mbao zisiwekwe mbele ya roketi kwa sababu yoyote ile.

Vifaa vyote vikiwekwa pamoja havipaswi kuzidi gramu 100. Kila gramu 10 za ziada hula kimo.

Halafu fanyeni jaribio la kamba, na msiliruke. Fungeni kamba ya mita 2 mahali roketi inapolala sawa ikiinuliwa, bila maji, kisha mtu mmoja aizungushe kichwani uwanjani. Ikielekeza pua mbele na kutulia, iko sawa. Ikizunguka hovyo au kwenda kinyumenyume, ongezeni uzito kidogo puani au mapezi makubwa zaidi nyuma. Sababu ni kwamba kitovu cha uzito lazima kiwe mbele ya mahali upepo unapoisukuma. Roketi kubwa hufuata sheria hiyo hiyo, na wengi walioipuuza waliona roketi zao zikigeuka angani na kuelekea walikosimama watu.

Hatua ya 4: Parachuti

Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na wala haikuwa nzuri kwa kazi hii. Tafuteni mwavuli kuukuu. Kitambaa chake ni chepesi, hakichaniki ovyo, na tayari kimeshonwa kwa umbo la duara. Kateni duara la kipenyo cha sentimita 70, mfunge nyuzi nane za urefu wa sentimita 70 kila moja, na toboeni tundu la sentimita 4 katikati ili isiyumbe.

Kipimo hicho nimekikadiria kwa roketi ya gramu 250 ikiwa tupu, ishuke kwa mita 4 kwa sekunde katika hewa ya Mukurweini. Mita ya ujazo ya hewa hapa ina kilo 1 hivi. Kule Malindi ina karibu kilo 1.2. Hewa nyepesi hushika kidogo, kwa hiyo parachuti ya hapa lazima iwe na eneo kubwa kuliko ya pwani kwa moja ya sita hadi moja ya tano. Mkiiga vipimo vya mtu wa mahali pa chini, roketi yenu itatua kwa kishindo na punje ya themista itavunjika.

Servo ndiyo itakayofungua mlango wa parachuti. Programu ifuatilie kanieneo: ikipungua, roketi inapanda. Ikianza kuongezeka kwa usomaji kumi mfululizo, imeanza kushuka, na hapo mlango ufunguke. Jaribuni hili ghorofani au juu ya tuta kwanza, mara nyingi. Parachuti isipofunguka, msirushe tena mpaka mjue kwa nini.

Hatua ya 5: Jukwaa la kurushia

Hapa mtafuteni fundi wa jua kali na fundi wa pancha. Mnahitaji paipu ya plastiki ya maji inayoingia mdomoni mwa chupa kwa kubana kidogo, pete ya mpira ya kuzuia maji yasivuje, na valvu ya tairi isiyo na tyubu iliyofungwa upande wa pili wa paipu. Kuizunguka paipu, fungeni vibano vya plastiki vya kufungia nyaya, vichwa vyake vikiikamata shingo ya chupa. Kipande cha paipu pana zaidi huvalishwa juu ya vichwa hivyo kuvishikilia. Kikivutwa chini kwa kamba, vichwa hufunguka na chupa huruka. Kamba iwe na urefu wa mita 10 au zaidi.

Njia ya kizibo cha mpira pekee, kinachochomoka chenyewe kanieneo ikizidi, msiitumie. Hamuwezi kujua lini itachomoka, na kwa kawaida huchomoka mtu akiwa ameinama juu yake.

Jukwaa lote lifungwe kwenye ubao mzito au vigingi vya chuma vilivyopigwa ardhini. Fundi akimaliza, mwalimu alivute kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Likitikisika, lirudi kwa fundi.

Hatua ya 6: Jaribio la kanieneo

Roketi yenu itafanya kazi kwa baa 4, ambayo kwenye geji nyingi za pampu ni karibu 60 kwa alama ya PSI. Msizidishe hapo. Kabla ya kuruka, kila chupa ipimwe kwa baa 6 ikiwa imejaa maji hadi mdomoni, bila nafasi ya hewa ndani. Maji hayashindiliki, kwa hiyo chupa ikipasuka itamwaga maji tu. Ikiwa na hewa ndani, ingerusha vipande. Wajenzi wa matangi ya roketi kubwa hupima hivyo hivyo. Ishikilie dakika 2, mwangalie mvujo na uvimbe. Chupa iliyopita ipewe namba kwa kalamu ya wino mzito, na daftari liandikwe imeruka mara ngapi. Ikionyesha weupe kwenye mikunjo, muda wake umekwisha.

Wote wavae miwani ya kujikinga. Hakuna anayeikaribia roketi iliyojaa hewa, kwa sababu yoyote ile. Kama imegoma kuruka, vuteni tena kamba kutoka mbali, au hewa itolewe kwa valvu ya pili iliyowekwa mwishoni mwa mpira mrefu wa pampu.

Hatua ya 7: Ruhusa

Mwalimu mkuu aandikiwe barua. Chifu ajulishwe, na majirani wa uwanja pia, hasa wenye ng'ombe wa maziwa, maana ng'ombe aliyeshtuka alfajiri ni hasara ya siku nzima. Wazazi watie sahihi.

Roketi ya maji ya mita 30 ni mchezo wa uwanjani kwa ukubwa wake. Mkitamani kwenda juu zaidi, sheria za anga zinaingia, na mahali pa kuuliza kwanza ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA. Ndege huweza kupita juu yenu: Kaunti ya Nyeri ina uwanja mdogo wa ndege huko Nyaribo, na Nanyuki kuna kambi ya jeshi la anga. Roketi za baruti, au zile za sukari ambazo vijana huziona mtandaoni, msiziguse. Zimewakata watu vidole, na Sheria ya Vilipuzi haimwangalii mtu kwa sababu ni mwanafunzi. Kijana anayetaka roketi yenye injini ya kweli asome fizikia na hisabati vizuri, kisha alenge chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, ambako wanafunzi wa uhandisi wana Mradi wa Nakuja unaounda roketi chini ya usimamizi.

Hatua ya 8: Asubuhi yenyewe

Chagueni uwanja wa bondeni, siyo wa juu ya tuta. Fikeni saa kumi na moja na nusu. Acheni roketi nje ya begi nusu saa ili vifaa vipoe sawa na hewa. Vifaa vilivyotoka nyumbani na joto lake vitawadanganya katika urukaji wa kwanza.

Gaweni kazi. Mmoja wa kinasa, yaani bodi na kadi yake ya kumbukumbu, mmoja wa maji, mmoja wa pampu, mmoja wa kamba, wawili wa kupima pembe, mmoja wa kuandika. Mtaje kila kitu kwa sauti.

"Kinasa?"

"Kimewaka, mwalimu. Taa inamweka."

"Parachuti?"

"Imekunjwa, mlango umefungwa."

"Maji?"

"Mililita mia sita na hamsini."

"Anga?"

"Hakuna ndege, hakuna mtu uwanjani."

Maji yajaze theluthi moja ya chupa. Yakizidi, uzito unaila nguvu. Yakipungua, hewa hutoka bila kuwa na kitu cha kusukuma. Pampu ipelekwe polepole hadi baa 4, wote wakiwa mbali na jukwaa angalau kwa urefu wa kamba. Mwalimu ndiye anayehesabu kurudi nyuma, na neno "simama" kutoka kwa mtoto yeyote linasimamisha kila kitu.

Kamba ikivutwa, mtaona mkia mweupe wa maji kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha ukungu mdogo ndani ya mdomo wa chupa, kwa kuwa hewa iliyotanuka ghafla imepoa chini ya kiwango cha umande. Watoto waoneshwe hilo. Ni njia ile ile wingu linavyoundwa juu ya Mlima Kenya hewa inapopanda na kutanuka.

Wapima pembe wasimame mita 50 kutoka jukwaani, wakiwa na kipimapembe cha hisabati chenye uzi na kokoto. Roketi ikifika kileleni wasome pembe. Pembe ya nyuzi 31 ni sawa na mita 30 juu ya macho yao. Namba hiyo ilinganishwe na ya barometa. Zikitofautiana kwa zaidi ya mita 5, tafuteni sababu kabla ya kuendelea.

Rusheni mara tatu kabla jua halijachomoza, mara tatu saa mbili asubuhi, na mara tatu saa nne. Kipima joto cha pili kining'inizwe kwenye kivuli mita moja na nusu kutoka ardhini, kisomwe kila dakika 5 muda wote.

Hatua ya 9: Kusoma kilichorekodiwa

Tupeni data ya kupanda. Mwendo ni mkali na themista haijapata nafasi ya kufuata. Tumieni ya kushuka pekee, kuanzia parachuti inapofunguka. Choreni kimo kwenye mhimili wa wima na joto kwenye mhimili wa mlalo, ingawa hisabati ya darasani imewazoesha kinyume, kwa sababu hivyo ndivyo wataalamu wa hali ya hewa wanavyochora, na jicho huiona hewa kama ilivyosimama.

Mstari ukiegemea kulia kadiri unavyopanda, mmepata tabaka lililogeuka: baridi chini, joto juu. Mahali unapojikunja ndipo juu ya ziwa la hewa baridi. Mstari ukisimama karibu wima, hewa imechanganyika. Roketi ikifika kilele bila mstari kujikunja, semeni hivyo hivyo katika ripoti: tabaka ni nene kuliko kimo chetu. Hilo nalo ni jibu, na ni la kweli zaidi kuliko mstari uliorefushwa kwa kukisia.

Urukaji mmoja usitangazwe kuwa matokeo. Mara tatu zinazokubaliana ndizo mwanzo wa matokeo, na alfajiri kumi za aina moja zinaanza kumpa mkulima kitu cha kuamulia. Mkifika hapo, pelekeni michoro kwenye Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, lakini kwanza ipelekeni kwa chama cha ushirika cha kahawa na kwa ofisi ya hali ya hewa ya Nyeri. Ugonjwa wa matunda ya kahawa, ule wakulima wanaouita CBD, hustawi katika baridi na unyevu, na mtu mwenye miche 200 bondeni ana haki ya kujua baridi ya shamba lake inafika wapi.

Walimu wa Mukurweini, Othaya na Karatina, anzeni kuziweka kando chupa na miavuli kuukuu sasa, mpime chupa zenu kwa maji kabla ya likizo ya Desemba, na alfajiri ya kwanza ya Januari isiyo na wingu muwe uwanjani.